Jibu: Kabla ya Meghan alikuwepo Emma wa Longleat

Ndugu, umeuliza kama Meghan Markle, mke wa Mwanamfalme Harry, ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuolewa na makabaila wa Uingereza. Hapana. Mwaka 2013, miaka mitano kabla yake, Emma McQuiston aliolewa na Ceawlin Thynn, mrithi wa Longleat kule Wiltshire. Baba yake Emma ni tajiri wa mafuta wa Nigeria, Oladipo Jadesimi. Longleat ni jumba la karne ya 16, na tangu 1966 simba wanafugwa humo humo kwenye viunga vyake, watu wanapita kuwatazama wakiwa ndani ya magari.

Mama mkwe hakuwepo harusini. Ceawlin mwenyewe aliliambia gazeti kwamba mama yake alimhoji kama ana hakika na anachoifanyia damu ya ukoo wa miaka 400, kwa kuoa mwanamke mweusi. Maneno mazito, na namheshimu sana kijana huyo kwa kusimama na mkewe.

Mimba ya kwanza nusura imuue Emma, alivuja damu kwenye ubongo. Mimba ya mtoto wa pili ilibebwa na mama mwingine, Marekani. Baba mkwe alipofariki kwa korona Aprili 2020, Ceawlin alirithi cheo chake cha ukabaila na Emma akawa Marchioness of Bath, yaani mke wa mwenye cheo hicho, mweusi wa kwanza Uingereza kuitwa Marchioness. Mwanawe mkubwa ndiye atakayerithi cheo cha baba yake.