Shule haina maabara? Uwanja upo, utumie

Wiki hii nimepata meseji ya mwalimu kijana, hata mwaka hajamaliza kazini, anasema shule yake haina maabara, zana za kufundishia hakuna, vitabu ni vya kugombania, anafundisha mpaka sauti inakauka halafu akitoa jaribio darasa karibu lote linaanguka. Anauliza afanyeje. Nimeona nimjibu hapa hapa maana najua mko wengi wenye swali hilo, na mimi nimelipitia lote.

Nilikua nafundisha hesabu, topiki ya maumbo yanayofanana, pembetatu ndogo pembetatu kubwa, uwiano wa pande na kadhalika. Nimechora ubaoni, nimefuta, nimechora tena. Wanafunzi ukiwauliza pembetatu zinazofanana ni zipi wanakutajia bila kukosea neno, ukiwageuzia swali kidogo tu basi, kimya. Yaani wamekariri. Ikafika mahali nikaona hapa ubao umefika mwisho, nikawaambia haya wote nje, bebeni daftari na futikamba, nendeni kwenye ule mti mkubwa pale uwanjani mniambie una urefu gani, na hakuna kupanda.

Kila kundi nililipatia fimbo ya mita moja. Unaisimamisha wima, unapima kivuli chake, unapima na kivuli cha mti kuanzia shinani, yaliyobaki ni uwiano. Kivuli cha fimbo kilikua mita 0.8, cha mti mita 9.6, yaani mara 12 ya kile cha fimbo, kwa hiyo mti una mita 12. Sasa subiri majibu yaje. Hawa 12, wale 12 na kitu, wengine 11 na nusu kwa sababu fimbo yao ilikua imeinama, halafu kundi moja likaja na 18! Mabishano ya pale sijawahi kuyaona ndani ya darasa. Wale wa 18 hawakubali, wamerudia hesabu yao na kweli haina kosa. Kuja kufuatilia, kumbe walipima kivuli cha fimbo kabla ya mapumziko, wakaenda zao, waliporudi ndo wakapima cha mti, jua limeshashuka na kivuli kimerefuka mpaka mita 14.4. Waligundua wenyewe, mimi sikufungua mdomo. Hapo hapo mwingine akauliza sasa kwa nini kivuli kirefuke wakati mti haujasogea, tukajikuta tumeingia kwenye mzunguko wa dunia, jiografia hiyo, na hakuna aliyekua anaangalia saa.

Kipindi kilichofuata nikawapa habari ya Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba kuna siku moja ya mwaka ambayo saa sita mchana jua linakua utosini kule Syene, mji wa kusini mwa Misri, kivuli hakuna, lakini siku hiyo hiyo Alexandria, mji wa kaskazini, kivuli kipo. Akapima pembe ya miale ya jua pale Alexandria akapata kama nyuzi 7.2, ambayo ni sehemu moja ya 50 ya duara, akachukua umbali wa miji hiyo miwili akazidisha kwa 50, akapata mzingo wa dunia nzima. Kwa kivuli! Darasa lililotoka kupima mti linaielewa hiyo habari mpaka kwenye mifupa, darasa la kunakili noti linaiandika tu.

Lakini sikupigiwa makofi. Mkuu wa shule alitukuta nje, akaniuliza mbele ya wanafunzi kama nalipwa kuchezesha watoto. Nikapewa barua ya kujieleza. Kwenye kikao cha walimu wenzangu wakacheka, na jina la utani likanibakia. Mtihani ulipokuja swali la uwiano lilikuwepo na watoto wangu walilijibu vizuri kuliko maswali yote ya karatasi ile, ila barua ile haikufutwa na hakuna aliyerudi kuniambia samahani. Iliniuma, bado inaniuma, nisidanganye.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu ushauri wangu ni huu: toka nje, ila toka na swali moja lenye kipimo. Usiwapeleke watoto "kuangalia mazingira", wataangalia nini wakati wanaishi humo humo? Wape kitu cha kupima, kuhesabu, kubishania, halafu warudi wakiandike. Na usisubiri basi wala hela ya ziara, mazingira ninayosema ni yale ya hatua chache kutoka mlangoni kwako.

Mfano udongo. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia udongo nusu, jaza maji, tikisa sana, iache itulie mpaka kesho. Mchanga unatangulia chini kwa sababu chembe zake ni kubwa, mfinyanzi unakaa juu yake mwishoni kabisa, mboji na vijani vinaelea. Wapime kila tabaka kwa rula watoe asilimia, udongo wa kwenye njia na wa chini ya mti, waone tofauti. Au mvua: milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 limepokea lita 2,000, waache wahesabu paa la shule yao linamwaga maji kiasi gani. Au majani: funga mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye tawi lenye majani juani, baadae watakuta matone ndani, hapo ndo useme mmea unapoteza maji, sio kabla. Lugha na historia pia zinaingia, wakahoji wazee, waandike, sitaki kurefusha.

Ukiulizwa, onyesha andalio la somo. Andika kabisa topiki gani ya silabasi, swali gani, mwanafunzi atarudi na nini mkononi. Mimi tangu nianze kuandika hivyo barua sijaona tena. Na walimu mnaosema silabasi haitaisha, jamani, kumaliza silabasi na watoto hawajui kitu ndo kumaliza gani huko? Tunawaonea. Mtoto ana macho, ana mikono, tumemfungia aangalie ubao tu halafu tunasema hana akili.

Makundi yawe ya watu wanne au watano, kila mmoja na kazi yake, anayepima, anayeandika, anayekagua, wakizidi hapo wengine watazurura. Na wewe pita mwenyewe kabla, uangalie vipande vya chupa, mashimo, nyuki, na uwaambie mapema wasiliangalie jua moja kwa moja.