Kabla hujashika bisibisi: SSD na mfumo wa laptopu ya okazioni

Ukipita Birere, hapa Goma, kutafuta laptopu ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika, huenda ukaonyeshwa Latitude E6430, ThinkPad T430 au EliteBook 8470p. Ni mashine ngumu zenye kibodi nzuri, lakini nyingi bado zina diski ya kuzunguka, na hiyo ndiyo inayokufanya usubiri hadi chai ipoe kabla ukurasa haujafunguka. Toa diski hiyo, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, utadhani umenunua mashine nyingine. Kosa linalorudiwa ni la mpangilio: mtu ananunua SSD leo, ananakili mfumo wake wa uendeshaji wa zamani juu yake, kisha baada ya mwezi anagundua kwamba mfumo wenyewe umekwisha muda, anaanza upya. Amua vyote viwili siku moja.

Anza na prosesa. Namba inayofuata kistari ndiyo kizazi: i5-3320M ni cha 3, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Windows 10 nayo iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia, inaweza kuruka masharti hayo na kukuwekea Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 3, lakini Microsoft haikuahidi matengenezo kwa mashine ya namna hiyo, na toleo la 24H2 haliwaki kabisa kwenye Core 2 Duo.

Kwa mashine ya kizazi cha 3 au cha 4, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure wenye sura nyepesi, ndiyo chaguo la busara. Inaridhika na RAM ya GB 4, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Kuna watu ambao haiwafai: mhasibu anayefanya kazi na Sage, programu ya uhasibu, kwa hesabu za OHADA (kanuni za biashara za nchi kadhaa za Afrika) abaki na Windows, na ni afadhali anunue mashine ya kizazi cha 8 kuliko kulazimisha. Mwanafunzi wa TFC (kazi ya mwisho wa masomo) anaweza kuandika kwenye LibreOffice, ila faili ya Word ikipita huko na kurudi, kurasa na jedwali huhama. Toa PDF kabla ya kwenda kuchapisha kwenye sekretaria, usipeleke faili yenyewe. Nakala za Windows zilizovunjwa kufuli usiziguse. Hujui aliyeivunja aliacha nini ndani.

Sasa diski. Mashine tatu nilizotaja zinapokea SSD ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Ikicheza ndani kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ya 9.5, tumia kiunzi cha plastiki ambacho mara nyingi huja nayo kwenye boksi. SATA huishia karibu MB 550 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka hufika kama MB 100 kwenye faili moja kubwa, na huporomoka hadi MB moja au mbili kwenye vifaili vidogo vilivyotawanyika. Kuwasha mashine ni kusoma vifaili maelfu vya namna hiyo, ndiyo maana tofauti unaihisi hapo kuliko penginepo.

Kwenye laptopu za karibuni zenye tundu la M.2, la SSD nyembamba kama kadi, ndiko pesa zinakopotelea. SSD mbili za milimita 22 kwa 80 zinafanana kama mapacha, kumbe moja ni SATA na nyingine NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, na tundu la NVMe peke yake halitaiona ile ya SATA hata ikiingia vizuri. Yenye pengo moja kwenye meno kwa kawaida ni NVMe, yenye mawili mara nyingi ni SATA, lakini usitegemee pengo. Soma lebo, kisha soma mwongozo wa modeli yako.

Dukani, SSD ya TB 2 kwa bei ya GB 240 ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofichwa kwenye ganda. Itajitangaza TB 2, itakubali faili, kisha itaanza kuandika mpya juu ya za zamani bila kukwambia. Ijaze yote kwa programu ya kupima, H2testw kwenye Windows, au f3write na f3read kwenye Linux, kabla hujaweka kitu cha maana. Kwa GB 240 kwenye USB 3, tenga kama saa moja. Tazama pia SMART, rekodi ya afya ya diski, kwa CrystalDiskInfo: inayoitwa mpya haiwezi kuwa na saa 9,000 za kuwashwa. Na usigombane na muuzaji kwa sababu Windows inaonyesha 223 badala ya 240. Hiyo ni namna ya kuhesabu tu.

Kabla ya kusakinisha, zima BitLocker, kufuli la diski la Windows, kama ipo. Kisakinishi cha Linux kisipoiona diski, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo), badilisha namna ya kuendesha diski kutoka RST au RAID kuwa AHCI. Windows ikiwa bado imo humo usibadilishe hivyo hivyo, itakataa kuwaka.

Kibodi: chagua kulingana na herufi zilizochapwa kwenye vitufe vyako. Ukiwa na AZERTY na ukaacha mpangilio wa Marekani, nenosiri ulilodhani ni «amani» limehifadhiwa kama «q;qni», na siku utakayorekebisha kibodi halitafunguka. Saa: chagua Lubumbashi, si Kinshasa, la sivyo utachelewa saa moja. Ukiweka Windows na Linux pamoja, Windows itarudi nyuma saa mbili. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` upande wa Linux. Zima pia uwashaji wa haraka wa Windows kwa `powercfg /h off`, maana bila hivyo Linux itafungua sehemu ya Windows kwa kusoma tu. Kwa wanaoishi na megabaiti za kununua, weka Wi-Fi ya Windows kwenye «Connexion limitée» siku ya kwanza.

Baada ya hapo adui ni kuranti. Barabara zetu za mawe ya Nyiragongo zinaua diski za kuzunguka, hasa laptopu ikiachwa imewashwa begini juu ya pikipiki. SSD haijali hilo. Inachojali ni umeme kukatika katikati ya kuandika. SSD za bei nafuu hazina kapasita za kushika umeme kidogo wa kumalizia kazi, na nyingine huamka zikijiita SATAFIRM S11 kwenye BIOS. Ukiona jina hilo, hesabu data imekwenda. Laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya inunuliwe betri kwanza, SSD baadaye.

Usifanye defragi. Hakikisha TRIM, inayosafisha nafasi za faili zilizofutwa, inafanya kazi; kwenye Linux andika `systemctl status fstrim.timer`, na acha asilimia 15 hivi wazi. Ujue pia kwamba TRIM ikishapita, faili uliyofuta kwa bahati mbaya hairudishwi na fundi yeyote.

Diski ya zamani itie kwenye kasha la USB iwe ya akiba. Usiifute kabla ya wiki mbili. Hapakosi folda moja iliyosahaulika, na mara nyingi ni alamisho za kurasa za Firefox au picha zilizokuwa kwenye Eneo-kazi.