Kufungasha pakiti na kubadilisha anwani

Swali: Katika mwongozo wa ruta, kifaa kinachoelekeza mawasiliano kati ya mitandao, niliandika, "Ruta hufunga pakiti haraka kuliko inavyotafsiri anwani." Mhariri amevikata vitenzi vyote viwili. Je, ana haki?

Jibu: Ndugu msomaji, mhariri wako ana haki, ingawa sababu ya kila kitenzi ni yake.

"Kufunga" kina kazi nyingine tayari katika mitandao. Anayesoma kwamba ruta imefunga mlango fulani (namba inayotambulisha programu au huduma) huelewa kuwa imezuia mawasiliano, hivyo akikuta "imefunga pakiti" atadhani pakiti hiyo, yaani kipande cha data, imekatazwa kupita, ilhali wewe ulikusudia kwamba pakiti nzima, pamoja na kichwa chake chenye anwani, imetiwa ndani ya pakiti nyingine ili ipite. "Kufungasha", tunachokitumia kwa mizigo na bidhaa, kinaondoa utata huo, tena kinabeba jambo ambalo "kufunga" hakilisemi: kilichomo ndani hakiguswi, lakini kifungashio kina uzito wake. Pakiti ya IPv4 (toleo la nne la itifaki ya intaneti) ikifungashwa ndani ya nyingine ya IPv4, kichwa kipya huongeza baiti 20, na kwa kuwa kikomo cha kawaida cha pakiti katika Ethaneti, teknolojia ya mitandao ya nyaya, ni baiti 1500, pakiti iliyokwisha kujaa hufika 1520. Hapo ruta hulazimika kuikata vipande au, ikiwa pakiti imewekewa alama ya kutokatwa, kuitupa.

"Kutafsiri" kinapotosha zaidi. Mfasiri huhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na msomaji hutarajia maana hiyo ibaki. Ruta haina maana ya kuhamisha, bali huondoa anwani ya ndani, huweka ya nje mahali pake, mara nyingi hubadilisha na namba ya mlango, kisha huandika jozi hiyo katika jedwali ili majibu yakirudi yamfikie mwenyewe. Hiki ndicho kitendo tunachokitaja tunaposema kubadilisha fedha: unatoa hii, unapewa ile. Kwa sababu hiyo napendelea "kubadilisha anwani", na nomino yake iwe "ubadilishaji wa anwani". Usiandike "mabadiliko ya anwani", kwani msomaji atadhani mwenye anwani amehama.

Limebaki neno "haraka", ambalo mhariri hakuligusa, nami naona ndilo lenye kasoro kubwa kuliko yote, maana linapima kwa kipimo kimoja gharama mbili zisizofanana. Ubadilishaji huo, kati ya anwani za IPv4, hauongezi ukubwa wa pakiti; gharama yake ni kumbukumbu ya jedwali, kulipekua kwa kila pakiti, na kurekebisha namba za ukaguzi (za kugundua makosa) zilizomo kwenye vichwa. Ufungashaji wa namna niliyoitaja hauhitaji kukumbuka kila mazungumzo, ila hula nafasi katika kila pakiti. Ipi itatangulia kuichosha ruta hutegemea vifaa vyake na wingi wa mazungumzo yanayopita.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Ruta inapofungasha pakiti huongeza ukubwa wake, na inapobadilisha anwani huiacha na ukubwa uleule, lakini hulazimika kutunza jedwali la mazungumzo yote yanayoendelea."