Baba mtoto ana mshahara ila hatoi matunzo, nianzie wapi?

Pole dada angu. Umesema mwalimu, yuko Mafinga, we uko Uyole na mtoto wa miaka mitatu, na kila ukipiga simu anakwambia mwisho wa mwezi. Kwanza acha kumfata kwa ndugu zake, utachoka bure. Nenda Ustawi wa Jamii hapo halmashauri, huduma haina malipo, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na meseji za M-Pesa alizowahi kukutumia hata kama ni elfu kumi kumi maana hizo ndo zinaonyesha alikua anamtambua mtoto, mi zangu nilizifuta kwa hasira nikajuta sana.

Watamuita mkae mezani, mkikubaliana mnaandika na kusaini. Asipokuja au akija akaleta ubabe mnaenda mahakamani, Mbeya tuna mahakama ya watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kabisa kudai. Hakimu anaangalia kipato chake na chako pia, kwahiyo usiende na hesabu ya kukomoa, andika uji, sare, bima, kodi.

Sasa hapa ndo utamu ulipo, mtu wa mshahara unaomba mahakama iamuru akatwe hela ya mtoto hukohuko kazini kabla haijamfikia. Wangu mimi ni dereva wa malori Tunduma, hana pay slip, nilimfukuzia miezi minane. We wako ana check number, ile namba ya mtumishi wa serikali kwenye mshahara, huyo haendi popote.