Njia ya Urithi Kaloleni: Mabango Yaje Mwisho

Ndugu, umeuliza namna ya kuanzisha njia ya matembezi ya urithi mtaani Kaloleni, jijini Nairobi, na kama mabango ndiyo ya kutangulizwa. Kwa maoni yangu, mabango yaje mwisho. Anzeni na wazee waliokulia katika nyumba zile za miaka ya 1940. Rekodini masimulizi yao kwa ridhaa yao, kisha myalinganishe na hati za Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mmoja, hata iwe na thamani kiasi gani, haitoshi kuandikwa ukutani kama historia.

Kituo kikuu ni ukumbi wa jamii, ambamo Tom Mboya na wanasiasa wenzake walihutubia umati kabla ya uhuru wa 1963. Upeni muda mrefu kuliko vituo vingine vyote. Msiyasahau, hata hivyo, maisha ya wanawake waliolea familia mtaani humo, ambayo yameandikwa kidogo mno.

Ombeni kibali cha kaunti mapema, na msipitishe wageni mlangoni kwa mtu asiyekubali.