Mbwa wa Pyrenees: maswali yenu na majibu

Mbwa wangu wa Pyrenees hulala mchana kutwa, usiku anabweka mpaka majirani wanalalamika. Nimfundisheje kunyamaza?

Kunyamaza kabisa hataweza. Kwa karne nyingi mbwa hawa wamelinda kondoo kwenye milima ya Pyrenees, iliyo kati ya Ufaransa na Uhispania, wakikesha bila mchungaji wa kuwaamuru. Mbweko ulimjulisha mbwamwitu kwamba zizi lina mwenyewe, na mara nyingi ulitosha. Kwa hiyo usimpige wala kumfokea. Ukipaza sauti, yeye huona nawe umeungana naye kumfukuza adui. Giza likiingia, mwingize ndani. Akibweka, nenda utazame anachokitazama, mwambie kwa upole "nimeona", kisha mwite aondoke dirishani. Baada ya miezi atapunguza. Anayeishi ukuta kwa ukuta na wenzake, mimi humshauri achague mbwa wa aina nyingine.

Joto limezidi. Nimnyoe?

Hapana, tafadhali! Manyoya yake yana tabaka mbili, na lile la nje hukinga ngozi dhidi ya jua. Ukilinyoa, huenda lisiote tena kama lilivyokuwa. Mchane mpaka kwenye ngozi kila wiki, yaliyokufa yatoke na hewa ipite. Mtembeze alfajiri.

Wetu ana miezi 5 na watoto wanataka kukimbia naye. Ni sawa?

Acheze na kupumzika apendavyo mwenyewe. Mbio ndefu na kuruka ruka vingoje. Mwili wake hukomaa akikaribia miaka 2, na nyonga zikiharibika sasa atateseka uzeeni. Asinenepe, wala usimwongezee kalisi (madini ya mifupa) bila daktari kusema.

Miguu ya nyuma ina kucha mbili za ziada kila mmoja. Ni ugonjwa?

Ndivyo alivyoumbwa. Hazigusi ardhi, hivyo hazichakai: zikate kabla hazijajikunja zikachoma nyama.

Jana baada ya kula tumbo lilivimba, akajikakamua kutapika bila kutoa kitu, kisha akatulia. Ningoje?

Usingoje, ndugu yangu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, hata kama anaonekana mzima. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo lao huweza kujaa hewa na kujipinda, damu ikakatika, na mbwa akafa ndani ya saa chache. Muulize daktari kuhusu upasuaji wa kulishona tumbo lisijipinde. Chakula kigawe mara 2 au 3 kwa siku, na asikimbizwe akishiba. Namba ya daktari anayepokea wagonjwa usiku ibandike mlangoni leo hii.