Injini ndogo ya jeti: anza na turbo ya lori

Msomaji mmoja aliyemaliza masomo ya ufundi mitambo ameniandikia akiomba michoro ya KJ-66, injini ndogo ya jeti ambayo watu hujitengenezea nyumbani, kwa kuwa amepata mashine ndogo ya kukerezea vyuma na anataka injini ya jeti iwe kazi yake ya kwanza. Ujumbe wake umenikuta siku chache baada ya injini yangu kuendelea kunguruma yenyewe nilipoiondolea blowa, yaani feni ya kuipulizia hewa wakati wa kuiwasha, kwa hiyo namjibu nikiwa bado na furaha, na majivuno kidogo ambayo naona nimeyatolea jasho.

Namshauri asianze na KJ-66. Gurudumu la kompresa la injini hiyo, yaani lile linaloshindilia hewa ndani, lina kipenyo cha milimita 66 na huzunguka zaidi ya mara 110,000 kwa dakika, yaani ncha zake hukata hewa kwa karibu mita 400 kwa sekunde, kasi inayoipita ile ya sauti. Hata kwenye mizunguko 100,000, sehemu moja ya kumi ya gramu ikizidi upande mmoja, milimita 30 kutoka katikati, huivuta shafti kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 33. Wanaonibishia hunitajia Kurt Schreckling wa Ujerumani, mtengenezaji wa injini ndogo za jeti ambaye gurudumu lake la kompresa lilikuwa la plaiwudi iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Ni kweli alifanya hivyo, na namvulia kofia, lakini hilo si somo la kwanza la mtu ambaye bado anajifunza kunoa kisu cha kukerezea.

Anayeanza atafute turbo kuukuu ya lori, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa. Humo atapata shafti, gurudumu la kompresa la aluminiamu na gurudumu la turbini, linalozungushwa na moshi na kustahimili moto mkali, vyote vikiwa vimesawazishwa kiwandani. Kabla ya kulipa, ishike ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo kuelekea pembeni si neno, kwa sababu bushi zake huelea juu ya mafuta. Ila ikicheza mbele na nyuma kiasi cha kuhisika, au bawa likikwaruza ganda, irudishe mezani hata kama muuzaji anaapa kwamba imeshuka bandarini juzi.

Kazi yako sasa ni chumba cha mwako, pale mafuta yanapoungua kati ya kompresa na turbini, na hapa ndipo nilipojifunza kukereza kwa kweli. Kanuni inayofuatwa na wengi huanzia kwenye kipenyo cha mdomo wa gurudumu la kompresa. Ukiwa milimita 50, bomba la moto la ndani huwa na kipenyo cha milimita 100 na urefu wa 300, na jumla ya eneo la matundu yake hulingana na eneo la mdomo huo, ambalo ni kama milimita za mraba 1,960. Asilimia 30 huwekwa karibu na mwali, 20 katikati, na 50 mwishoni ili kuupoza moshi kabla haujaifikia turbini. Kwa vipimo hivyo unapata matundu 21 ya milimita 6, kisha 8 ya milimita 8, kisha 9 ya milimita 12. Niliyapanga kwenye ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na mzingo wa bomba, nikauzungushia bomba, nikapiga alama kwa nyundo na senta panchi. Bati la stenlesi linataka keekee iende polepole, ikandamizwe na kupewa mafuta. Ukiiacha isugue bila kukata, pale pale chuma kinakuwa kigumu na ncha inaungua.

Flanji, yaani pete za kuungia chumba hicho, nilizikereza mwenyewe. Mwalimu mmoja wa karakana aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba mashine ya kukerezea ni ya kuchongea bushi, si ya kuchezea ndege. Sijasahau. Lakini vijana nanyi mnisikilize: mnapenda video za mwali wa buluu, ila kushika maikromita hamtaki, na injini hii haimjui mtu asiyepima. Pima, kisha pima tena.

Kwa mafuta ya mwako, tumia kwanza gesi ya kupikia, ukiwa nje mahali pa wazi. Tarehe 12 Aprili 1937, huko Rugby, Uingereza, injini ya Frank Whittle, mmoja wa wavumbuzi wa injini ya jeti, ilipowashwa kwa mara ya kwanza ilizidi kuongeza kasi hata baada ya vali kufungwa, kwa sababu mafuta yaliyovuja yalikuwa yametuama ndani, na waliokuwapo wakatimua mbio. Gesi haitengenezi dimbwi la namna hiyo; ukifunga vali, moto unakata. Hata hivyo usisimame kamwe usawa wa magurudumu, kwa kuwa yakipasuka vipande vyake hutokea ubavuni.

Pampu ya mafuta ya kulainishia iwe na mota yake ya umeme, na geji ionyeshe shinikizo kabla hujawasha moto. Ukishaizima injini, rudisha blowa na uiache pampu iendelee kusukuma mpaka ganda la turbini lishikike kwa mkono, la sivyo mafuta yaliyobaki kwenye bushi yataungua yawe masizi magumu, na siku ya pili shafti haitazunguka.